Kioo cha jiko la indaksheni kinachakaa: mkeka wa silikoni, gazeti, au kiachwe kitupu?

#1 Bi_Kaskazi (Tudor)
Assalaam aleikum. Naingia moja kwa moja.

Nina jiko la indaksheni, lile dogo la sufuria moja. Lilipokuja, kioo chake kilikuwa cheusi tii, wajiona uso. Sasa kina mambo matatu: mistari ya kijivu inayokwenda kwa mviringo, ukungu mweupe katikati, na pete ya kahawia isiyotoka hata nikisugua vipi.

Dada yangu asema nitandike mkeka wa silikoni. Jirani hutandika gazeti, aweka sufuria juu yake na apika, wallahi nimeona kwa macho yangu. Mume wangu asema jiko ni la kupikia, si la kutazama. Ramadhani iko mlangoni na mie huuza kaimati na viazi karai. Kabla sijatoa pesa nataka kujua: ni nini hasa kinachokiharibu kioo, na ni kipi cha kukikinga?

#2 Nahodha_Mstaafu (Mji wa Kale)
Mumeo ana akili. Sisi tumelelewa na seredani, jiko la makaa, na hakuna aliyewahi kuuliza habari ya uso wa seredani.

#3 Fundi_Makupa
Waaleikum salaam Bi Kaskazi. Kazi yangu ni kutengeneza haya majiko. Nianze na gazeti, maana ndilo linaloshangaza watu.

Jiko hili halina moto wala waya unaowaka. Chini ya kioo pana koili, yaani waya wa shaba ulioviringwa. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na nguvu yake ya sumaku ikifika kwenye kitako cha sufuria ya chuma, huzalisha umeme ndani ya chuma chenyewe. Chuma ndicho kinachopata moto. Kioo hupashwa na sufuria, si sufuria kupashwa na kioo. Kwa hivyo jirani yako achemsha chai juu ya gazeti na gazeti liko salama: maji yakiwa ndani, kitako hakipandi sana kupita nyuzi 100.

Sasa weka mafuta. Mafuta ya kukaangia yako nyuzi 180 hivi, na kitako kimezidi hapo. Sahau sufuria tupu ikiwa jiko liko juu kabisa, na haichukui muda kitako kupita 300. Hapo gazeti huwa kahawia, huwa jeusi, halafu ni moshi nyumba nzima. Nimeletewa majiko yenye majivu ya karatasi yaliyoganda kwenye kioo. Kwa viazi karai, gazeti lisahau.

Jambo la pili: katikati ya koili pana sensa ndogo ya kupima joto iliyogusana na kioo kwa upande wa chini. Hiyo ndiyo inayozima jiko mambo yakizidi. Chochote unachotandika, gazeti, kitambaa, silikoni, kinaicheleweshea habari.

#4 Kijana_wa_Vyombo
Mikeka ya silikoni ninayo, rangi zote, ya duara na ya mraba. Haipati moto kabisa, haiungui milele. Nitumieni ujumbe faragha.

#5 Msimamizi
Biashara ina jukwaa lake. Onyo la kwanza.

#6 Mpishi_wa_Zamu (Mtwapa)
Hiyo "haiungui milele" ndiyo iliyonitia hasara. Silikoni nyingi za jikoni huandikwa mwisho nyuzi 230. Kwa chai, wali na mchuzi sikuwa na neno nayo, na mikwaruzo ilikoma kweli. Nilipokaanga samaki kwa moto mkali, mkeka ulikauka, ukapasuka, ukaacha alama kwenye kioo za vile vishimo vyake. Haukuyeyuka kama plastiki, ila harufu yake ilikaa jikoni siku nzima. Sasa hutumia karatasi ya kuokea keki, na kwa kuchemsha tu.

#7 Nahodha_Mstaafu
Jiko la umeme, juu yake mkeka, juu ya mkeka sufuria. Bado mto na shuka.

#8 Mwalimu_Chaki
Salaam kwenu. Naona tunazungumzia kioo kana kwamba vioo vyote ni kimoja, nacho hiki si kioo cha dirisha.

Mwaka 1953 huko Corning, jimbo la New York, mkemia Donald Stookey aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri alilokusudia lifike nyuzi 600. Kidhibiti kikaharibika, tanuri likapanda hadi 900. Alitarajia kukuta uji wa kioo. Akakuta kipande kigumu cheupe, na kilipomponyoka kikaanguka sakafuni hakikuvunjika. Hapo ndipo ilipozaliwa seramiki ya kioo: kioo ambacho ndani yake mmeota fuwele ndogondogo. Kampuni ya Schott ya Ujerumani ikaanza kuuza vioo vya majiko vya aina hiyo, Ceran, mwaka 1971.

Sifa yake kubwa ni kwamba kikipata moto hakitanuki, au hutanuka kidogo mno hata haihesabiki. Kioo cha kawaida hupasuka kwa sababu upande mmoja umetanuka na wa pili haujatanuka. Hiki unaweza kukimwagia maji baridi kikiwa cha moto kisilalamike. Kwa hivyo mwondoe hofu ya joto. Adui wa hiki kioo ni mkwaruzo na pigo.

Na kwa mkwaruzo kuna kipimo cha ugumu, cha Mohs, 1 hadi 10: chenye namba kubwa huchora chenye namba ndogo. Kioo cha jiko kiko karibu na 6. Chuma cha kisu cha kawaida kiko 5 na nusu hivi. Alumini haifiki 3. Mchanga wa kwatsi ni 7. Mnaona wenyewe: sufuria ya alumini haiwezi kukichora hiki kioo, wala wembe. Punje moja ya mchanga chini ya sufuria yaweza.

#9 Mtoto_wa_Bahari (Likoni)
Mwalimu, mchanga wetu si wa kwatsi, ni wa matumbawe. Ni mweupe na laini, hauchori kioo. Hiyo nadharia ipelekeni bara.

#10 Mwalimu_Chaki
Matumbawe na makombe ni chokaa, ugumu wake 3 hadi 4, hapo uko sawa. Lakini fukwe zetu zina mchanganyiko. Mito huleta kwatsi kutoka bara, na bahari huisambaza. Tena mchanga ulio jikoni kwako haukuja na mawimbi. Umekuja na viatu, na vumbi la ujenzi wa jirani, na sakafu ulikoitua sufuria. Huo wa ujenzi mwingi wake ni kwatsi.

#11 Fundi_Makupa
Mwalimu, yote sawa isipokuwa pale "mwondoe hofu ya joto". Hayo ni ya Ceran na ndugu zake. Haya majiko madogo ya bei ya chini, si yote yana kioo hicho. Mengine yamewekwa kioo kilichokazwa tu kwa moto, kama cha meza, na hicho hukimwagii maji baridi kikiwa cha moto ukabaki na jiko. Kwa nje vyote vyeusi na vyote vinang'aa. Muuzaji mwenyewe hajui.

Na kioo kikiwa cha Ceran, ndani kuna vitu visivyo vya Ceran: koili, feni, na zile transista zinazokata umeme. Joto likizidi, huanza kufa hivyo. Nitarudi kwa hilo.

#12 Mama_Swabra (Majengo)
Nyote mwazungumza mchanga, hakuna aliyetaja sukari!

Binamu yangu hupika mabuyu ya kuuza. Sukari ilichemka ikamwagika kwenye kioo, naye akasema acha ipoe nitaikwangua. Ilipopoa ilishika kama saruji. Alipoikwangua ilitoka pamoja na vipande vya kioo. Si mikwaruzo, mashimo! Madogo, kama ya ndui.

Sukari ikipoa hujikaza na huvuta kile ilichokishika. Dawa yake ni kuiondoa ingali moto: zima jiko, ondoa sufuria, chukua wembe wenye mpini, ulaze, sukuma taratibu. Kama alivyosema mwalimu, wembe haukwaruzi, mradi usiusimamishe na usiwe umepata kutu au pengo. Usitumie mkono mtupu, sukari ya moto huunguza vibaya kuliko maji.

Plastiki vilevile. Mfuko ukigusa kioo cha moto, usingoje.

#13 Bi_Kaskazi
Shira yangu huipika kwa gesi, Mama Swabra, kwa hivyo hiyo simo. Nami sina mashimo. Mwalimu, kama chuma hakichori na alumini haichori, hiyo mistari ya kijivu imetoka wapi? Jikoni kwangu hapaingii kiatu.

#14 Fundi_Makupa
Swali moja. Jiko likiwa limezimwa, huweka sufuria za alumini juu ya kile kioo?

#15 Bi_Kaskazi
Jiko langu liko juu ya kaunta, na kaunta ndiyo hiyo hiyo. Nikiipua sufuria kutoka kwenye gesi niiweke wapi, kichwani?

#16 Fundi_Makupa
Basi huenda si mikwaruzo. Ni alumini yenyewe. Kioo ni kigumu kuliko sufuria, kwa hivyo ukiburuza, kinachokwanguka ni sufuria, na unga wake hubaki kwenye kioo kama mstari wa penseli. Zile sufuria za alumini nyepesi, tulizonazo sote, zinaongoza kwa hilo. Pitisha ukucha. Ukikwama, ni mkwaruzo na hakuna dawa. Usipokwama, paka siki au ndimu, iache kidogo, sugua kwa kitambaa laini na magadi ya kuokea. Magadi ni laini kuliko kioo, hayadhuru.

#17 Shangazi_Mikindani
Fundi, amesema mistari inakwenda kwa mviringo. Sufuria ikiburuzwa kuelekea ukutani huacha mstari ulionyooka. Mviringo watoka kwa sima!

Mwasonga sima juu ya jiko hili? Mwiko unaposukuma, sufuria huzunguka. Kwenye jiko la mkaa ilikuwa imekaa kwenye meno, haizunguki. Kwenye kioo ni kama iko kwenye barafu, kila msukumo wa mwiko ni duara. Na kama chini yake kuna punje ya unga iliyoungua au chumvi, hiyo ndiyo kalamu. Mie siku hizi huiondoa sufuria, naisonga juu ya kitambaa kibichi, nairudisha. Jiko hupiga kelele likikosa sufuria, lipige tu.

#18 Bi_Kaskazi
Sima twapika, ndiyo. Na kaimati pia nazizungusha na upawa.

#19 Mpenda_Chapati
Yule anayesema chuma hakichori kioo ana tawa la chuma cha kumimina? Langu kwa chini lina vipele kama ngozi ya kenge. Limechora kioo changu na ukucha unakwama. Hapo hesabu ya Mohs inasemaje?

#20 Mwalimu_Chaki
Inasema tawa lako limemiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na baadhi ya mchanga huo bado umo ndani ya vile vipele. Chuma cha kumimina chenyewe nacho huwa na sehemu ngumu. Sugua kitako kwa msasa laini, kioshe, kikaushe, kipake mafuta. Na ulinyanyue, usiliburuze.

#21 Mpenda_Chapati
Kilo zake unazijua wewe?

#22 Binti_Tanga
Habari za huko Mombasa. Huku kwetu wengi hawana sufuria za kushika sumaku, ni alumini tupu, ambayo jiko hili haliipashi. Tunanunua sahani ya chuma ya duara yenye mkono, unaiweka juu ya kioo, sufuria ya alumini inakaa juu ya sahani. Kioo hakiguswi na sufuria hata kidogo. Si ndiyo kinga yenyewe?

#23 Fundi_Makupa
Dada yangu wa Tanga, karibu, lakini hiyo ndiyo kitu ninachokipiga vita kuliko vyote.

Kwa mkwaruzo, labda. Kwa joto, umelifanya jiko liwe pasi. Sahani ndiyo inayopata moto, na sufuria ya alumini juu yake haijagusana nayo vizuri, maana vitako vyetu vimebonyea. Moto unakosa pa kwenda juu, unarudi chini kwenye kioo, kwenye sensa na kwenye koili. Ukibahatika jiko huzima na kuandika hitilafu. Usipobahatika, kioo hupata pete ya kahawia na koili hubabuka ganda lake. Na tokeni za umeme unalipia kupasha sahani kabla ya chakula.

Bora sufuria moja ya kushika sumaku kuliko sahani hiyo. Nenda dukani na sumaku ya friji mfukoni. Ikishika kitako chote kwa nguvu, nunua. Ikishika katikati tu, jiko litapasha katikati tu. Stili nyingi zinazong'aa hazishiki kabisa, usidanganyike na mng'ao.

#24 Binti_Tanga
Asante. Lakini mimi yangu naitumia kwa moto mdogo na haijawahi kuzima.

#25 Pwani_Moja
Huko kote mwakwenda na tokeni je? Mie naogopa kuliwasha. Hii kampeni ya Pika na Power, ya kampuni ya umeme ya Kenya Power, yasema kupikia umeme ni nafuu, lakini nikiona 2000 pale kwenye namba moyo wanidunda.

#26 Mwalimu_Chaki
2000 ni wati, si shilingi. Ukiliacha kwenye 2000 saa nzima limekula yuniti 2, lakini nani apika hivyo? Lita mbili za maji ya bomba letu, ambayo tayari ni kama nyuzi 28, yafike 100 yanahitaji sehemu ya yuniti isiyozidi 0.2 ukihesabu na upotevu kidogo. Ni dakika sita hivi.

#27 Nahodha_Mstaafu
Na biriani je? Biriani bila makaa ya kupalilia juu ya kifuniko ni wali na nyama tu vilivyokutana kwa bahati.

#28 Mama_Swabra
Mzee, hapo sikubishii. Lakini huko kwenye makaa ndiko kunakotoka balaa. Watu hupalilia biriani nje, halafu waja kuitua kwenye kioo cha umeme iendelee kubaki na moto. Kitako kina masizi, majivu, na vichanga vya uani. Halafu waizungusha mkono upande huu na huu wakiigawa. Kisha wauliza nani kakikwaruza kioo.

Sufuria ya mkaa na sufuria ya kioo zitenganishwe kama ndoo ya choo na ndoo ya kunywa.

#29 Nahodha_Mstaafu
Hilo nalikubali, ingawa sijapenda mfano.

#30 Dada_wa_Buxton
Ukungu mweupe mmeusahau. Bi Kaskazi, wasugua na nini?

#31 Bi_Kaskazi
Stilwaya kidogo, mara mojamoja, penye kuganda. Na maji ya kisima, bomba hutoka siku likipenda.

#32 Dada_wa_Buxton
Basi una wagombea wawili. Maji ya visima vya kisiwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa na chumvi. Yakikauka juu ya kioo cha moto huacha ule weupe, sawa na unaouona ndani ya birika. Huo siki huumaliza. Lakini stilwaya nayo, ikiburuza chembe zilizoungua, huchora mikwaruzo midogo mno ambayo kwa mbali huonekana kama ukungu. Huo hauishi hata umwage pipa la siki.

Tone moja la siki, mahali pamoja, dakika chache, kausha. Utajua upi ni upi.

#33 Kijana_wa_Vyombo
Mngekuwa na mkeka msingefika huku.

#34 Mpishi_wa_Zamu
Wewe nirudishie pesa yangu kwanza.

#35 Bi_Kaskazi
Haya, nimefanya siki na magadi. Mistari ya kijivu mingi imetoka, kitambaa kimekuwa cheusi. Iliyobaki ni michache ya mviringo, ukucha wakwama kwenye miwili. Ukungu umetoka pembeni, katikati upo. Pete ya kahawia haijasogea hata kidogo.

#36 Shangazi_Mikindani
Miwili ya mviringo. Sima.

#37 Fundi_Makupa
Mingi ikatoka. Alumini.

#38 Mwalimu_Chaki
Na ukucha ukakwama. Punje ya mchanga, iliyozungushwa na sima. Mnaweza kuwa sahihi nyote, ingawa najua hamtakubali.

#39 Mpenda_Chapati
Hiyo pete ya kahawia mie nasema ni mafuta. Mafuta yakirukia kioo, sufuria ikayakandamiza na moto, hugeuka kuwa kama vanishi ya mlango. Sabuni haiingii. Loanisha, paka magadi, funika na kitambaa kibichi usiku kucha, asubuhi wembe uliolazwa. Yangu ilitoka hivyo.

#40 Fundi_Makupa
Ikitoka kwa wembe, ni mafuta. Isipotoka na ukiigusa haina kimo, iko chini ya kioo. Majiko mengi weusi wake ni rangi iliyopakwa upande wa chini. Rangi hiyo ikipikwa muda mrefu, hasa kwa karai la mafuta lililokaa saa tatu kwenye moto mkubwa, hubadilika. Ukisugua juu utasugua mpaka Idi.

#41 Dada_wa_Buxton
Lakini fundi, kama jiko hupasha sufuria tu, mbona rangi ya chini iungue?

#42 Fundi_Makupa
Kwa sababu sufuria ya nyuzi 200 imekaa juu ya kioo saa tatu. Jiko halikukipasha kioo, sufuria imekipasha. Na hapa ndipo nilipoahidi kurudi.

Ndani ya jiko pana feni. Inavuta hewa kwa chini na kuitoa kwa nyuma. Mombasa hewa yenyewe ni ya moto na ina chumvi, kwa hivyo feni inafanya kazi ngumu kuliko ya jiko la Limuru kwenye baridi. Sasa mtu anaweka jiko juu ya kitambaa cha plastiki cha meza, plastiki inavutwa na kuziba matundu. Au analisukuma likagusa ukuta. Au liko ubavuni mwa jiko la gesi linalowaka, likivuta hewa ya moto. Nimeona yote.

Kosa jengine ni kuchomoa plagi mara tu chakula kikiiva. Feni inakufa hapohapo, joto lililo kwenye kioo linashuka kwenye koili na bodi. Zima kwa kitufe, acha feni izunguke mpaka inyamaze yenyewe, ndipo uchomoe. Stima ikikatika katikati ya kukaanga, fanya jambo moja tu: nyanyua sufuria. Na uchomoe plagi, maana umeme ukirudi hurudi na kishindo.

Halafu mende. Wanapenda joto la humo. Mmoja akilala kwenye bodi, kioo chako chaweza kung'aa kama kioo cha saluni na jiko lisiwake tena.

#43 Mtoto_wa_Bahari
Sisi wa karibu na maji na hii chumvi tufanyeje, tulifunike?

#44 Fundi_Makupa
Likishapoa kabisa, lifunike na kitambaa cha pamba. Si plastiki, hufungia unyevu ndani. Kitambaa hichohicho kitazuia na vumbi la mwalimu, na kukukumbusha usilitumie kama kaunta.

#45 Bi_Kaskazi
Maneno ya mwisho hayo nimeyaelewa vizuri. Nimetafuta kibao cha mbao, nakilaza juu ya kioo jiko likipoa, sufuria za alumini zakaa hapo. Gazeti nimewaachia majirani. Mkeka nitautumia kwa sima na mchuzi pekee, maana dada yangu keshaununua, rangi ya waridi. Kukaanga nitakaanga juu ya kioo kitupu na pete iendelee na maisha yake.

#46 Shangazi_Mikindani
Mkeka nao huteleza na sima, nakuonya. Kitambaa kibichi, nje ya jiko.

#47 Mpishi_wa_Zamu
Hautelezi ukiwa mkavu.

#48 Shangazi_Mikindani
Mwiko wako mwepesi basi.

#49 Mgeni_Kizingo
Samahani nimechelewa. Yangu ni yale makubwa ya sufuria nne yaliyozikwa ndani ya kaunta. Haya yote yahusu hayo pia? Na karai la duara lakaa juu yake?

#50 Fundi_Makupa
Karai la duara haligusi kioo ila pale kwenye tumbo, litatetemeka na kuchora. Tafuta lenye kitako bapa. Kioo cha hayo makubwa ni imara zaidi, lakini ukingo wake ukigongwa na mchi au ukingo wa sufuria nzito hupasuka, na kioo kikipasuka zima kwenye swichi kubwa ya ukutani, usiguse. Umeme wake una waya mnene na laini yake pekee, usikubali mtu akuchomekee kwenye soketi ya kawaida. Hilo ni refu, fungua uzi wake.